Bwawa la udongo la kijiji karibu na Lubumbashi: lipangeni kabla ya kugusa jembe

Mvua ya Lubumbashi inakuja yote kwa mkupuo. Kuanzia Novemba hadi mwanzo wa Aprili kunanyesha karibu milimita 1,200, halafu kuanzia Mei hadi Septemba hakuna tone la kutegemea. Bustani za lengalenga, kabichi na nyanya kwenye barabara za Kasenga, Kipushi na Likasi hunyweshwa kwa ndoo kutoka visima vifupi vya dembo (bonde la majimaji lenye nyasi), na Septemba ikifika visima hivyo vinabaki tope. Bwawa dogo la udongo linayahifadhi maji ya Januari hadi siku hizo. Lakini bwawa likipangwa vibaya, linabomoka mwaka wa kwanza au wa pili, mara nyingi usiku, mvua ikiwa kubwa.

Mwongozo huu unahusu tuta la udongo lenye kimo kisichozidi mita 6. Kwa kipimo cha kimataifa bwawa huitwa kubwa likifika mita 15, au likiwa kati ya mita 5 na 15 na kushika zaidi ya metakibu (mita za ujazo) milioni 3. Hili letu ni dogo sana kwa kipimo hicho. Hata hivyo metakibu 50,000 ni tani 50,000 za maji zilizoning'inia juu ya nyumba za watu. Fanyeni hesabu zote zilizo hapa, kisha mpelekee mhandisi wa maji azipitie na kuzitia sahihi kabla kamio (lori) la kwanza la udongo halijamwagwa.

Vikundi vingi huanza na ukuta: utakuwa mrefu kiasi gani, utagharimu nini. Anzeni na maji msiyoyataka, yale ya mafuriko, na mahali yatakapopita. Ukuta ndio unaofuata hesabu hiyo.

Mahali

Tafuteni pale bonde linapobana, kisha linafunguka upande wa juu. Panapobana tuta linakuwa fupi. Panapofunguka maji yanapata nafasi ya kulala. Sakafu ya bonde isiwe na mteremko mkali. Ikishuka sentimita 90 kwa kila mita 100, bwawa lenye kina cha mita 4.5 litarudi nyuma mita 500. Ikishuka mita 3 kwa kila 100, kina hicho hicho kitarudi mita 150 tu, na mtakuwa mmelipia tuta zima kwa dimbwi.

Msipime vimo kwa simu. GPS ya simu inakosea mita kadhaa kwenda juu au chini, na tuta lenu lote ni mita 6. Tumieni nivo ya mpimaji, chombo cha kupimia usawa. Ikikosekana, chukueni mpira wa waashi unaopitisha mwanga, wa mita 20, mjaze maji mpaka kusiwe na kiputo hata kimoja, na muweke alama za vigingi kila mita 10 kuzunguka usawa ambao maji yatafika. Vigingi hivyo vitawaonyesha pia nyumba, shamba au kaburi la nani litazama. Ni afadhali kulijua jambo hilo sasa, vikiwa bado ni vigingi tu.

Kuna mahali pa kuacha hata kama panapendeza. Chini ya sehemu kubwa ya Katanga ya kusini kuna miamba ya chokaa na dolomiti, ambayo maji huila polepole na kuacha mashimo. Kijito kikipotea ardhini na kutokea mbali, au kukiwa na mashimo ya duara yaliyodidimia yenyewe kwenye uwanda, ondokeni hapo. Hakuna udongo wa kuziba pango. Ondokeni pia penye changarawe nene ya laterite inayovuka bonde lote bila tabaka la mfinyanzi chini yake, maana maji yatapita chini ya tuta kama kwenye chujio.

Jambo la tatu ni la mkoa huu hasa: madini. Kafubu na Lubumbashi ni mito iliyopokea kwa miaka mingi maji machafu ya viwanda vya madini na ya mji. Bwawa linatuliza maji, na maji yakitulia tope lake huzama pamoja na shaba, kobalti na risasi lililobeba. Kila mwaka sumu inaongezeka palepale mnapochota. Tembeeni bonde lote hadi juu kabisa, kwa miguu, mwone kama kuna machimbo, rundo la mabaki au mahali wachimbaji wanapooshea mawe. Kama kipo kimojawapo, tafuteni bonde lingine.

Hesabu ya maji

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Kijiji kina watu 800, ng'ombe 60, mbuzi 200, na kinataka bustani ya hekta 2 wakati wa kiangazi. Siku za kutegemea bwawa ni 200. Siku za kumwagilia ni 150.

Watu, kwa lita 20 kila mmoja kwa siku, wanatumia metakibu 16 kwa siku, yaani 3,200 kwa msimu. Ng'ombe kwa lita 40 na mbuzi kwa lita 5 wanafikisha 680. Mboga wakati wa jua kali zinahitaji milimita 5 kwa siku, ambazo ni metakibu 50 kwa hekta. Lakini maji yakipita kwenye mifereji ya udongo theluthi moja inapotea njiani, kwa hiyo toeni 75. Hekta 2 kwa siku 150 zinakula 22,500. Jumla ni 26,380.

Sasa bwawa. Kwa bonde lenye umbo la V, zidisheni urefu wa tuta kwenye usawa wa maji, umbali ambao maji yanarudi nyuma, na kina kikubwa kabisa, kisha gawanyeni kwa 6. Mita 150 mara 500 mara 4.5, gawanya kwa 6, ni metakibu 56,250. Inaonekana ni mara mbili ya mahitaji, na hapa ndipo kamati nyingi hufurahi mapema.

Bwawa hilo likijaa lina uso wa hekta 3.75. Jua na upepo wa Agosti, Septemba na Oktoba vinakunywa kama milimita 5 kwa siku, ambayo kwa siku 200 ni mita nzima. Uso unapungua kadiri maji yanavyoshuka, basi tuchukue wastani wa hekta 2.2: metakibu 22,000 zimepanda hewani. Jua limekunywa karibu sawa na bustani yenyewe. Toeni tena asilimia 10, yaani 5,600, kwa ajili ya tope litakalojaa na maji ya chini yasiyofaa kuchotwa. Zinabaki 28,650. Mkitoa mahitaji ya 26,380, akiba ni 2,270.

Akiba hiyo haitoshi. Bwawa likivuja milimita 1 tu kwa siku, zinapotea 4,400 kwa msimu, na hakuna bwawa la udongo lisilovuja kabisa. Kwa hiyo mwaka wa kwanza limeni hekta 1.5, mtaokoa 5,625, na mtajifunza tabia ya bwawa lenu kabla ya kuongeza. Hesabu hii inaonyesha pia kwa nini mita moja ya kina ni bora kuliko hekta moja ya upana: kina hakimwongezei jua mdomo.

Upande wa juu uwe na ardhi ya kutosha kuleta maji, lakini isizidi sana. Katika mfano wetu ni kilometa za mraba 3. Mwaka mbaya, mvua ikiwa milimita 800 na asilimia 5 tu ikatiririka, zinakuja metakibu 120,000, mara mbili ya bwawa. Inatosha. Ingekuwa kilometa za mraba 30, bwawa lingejaa kwa wiki, na njia ya mafuriko ingegharimu kuliko tuta.

Njia ya mafuriko

Chukueni mvua kali ya saa moja, milimita 60, ikinyesha juu ya kilometa za mraba 3 zenye miti na nyasi. Kama asilimia 30 inatiririka, ni metakibu 54,000 katika saa moja. Tazameni namba hiyo kando ya 56,250 ya bwawa: mvua ya saa moja inaweza kulijaza bwawa zima. Likiwa limejaa tayari, maji yote hayo, metakibu 15 kwa sekunde, lazima yapate pa kupita. Yakikosa, yatapita juu ya tuta, na tuta la udongo likipitiwa juu linakatika kama sukari, mara nyingi kwa muda mfupi kuliko usiku mmoja. Mhandisi anaweza kuipandisha namba ya mvua kufuata kumbukumbu za mahali penu. Asiishushe.

Maji yakipita kwa kina cha sentimita 60 juu ya kizingiti kipana na bapa, yaani mdomo wa njia ya mafuriko, kila mita ya upana inapitisha karibu metakibu 0.79 kwa sekunde. Kwa 15 mnahitaji mita 19, chimbeni 20. Lakini miti ya miombo iliyo juu ya bonde ikikatwa kwa ajili ya makala (makaa), ardhi inabaki wazi na ngumu, na badala ya asilimia 30 inatiririka 50. Mafuriko yanakuwa 25 kwa sekunde na upana unafika mita 32. Ukataji wa makala kandokando ya mji ni jambo ambalo kila mtu analiona, kwa hiyo pangeni kwa mita 32 kama hamna mamlaka juu ya miti hiyo.

Njia hiyo ichimbwe kwenye ardhi ya asili, ubavuni mwa bonde, kamwe isipite juu ya udongo mlioujaza. Kizingiti kiwe bapa kabisa upana wote, kikishikwa na mkanda wa betoni wenye upana wa sentimita 30 na kina cha 60, uso wake sawa na ardhi. Kisha mfereji ushuke kwa upole na kurudi mtoni mbali chini ya mguu wa tuta, ili maji yasirudi kuutafuna. Pandeni sangari au nyasi nyingine inayotambaa. Msiweke uzio, wavu wa samaki wala tanuri la matofali ndani yake.

Na onyo moja tunaloliweka mbele ya mengine yote: katikati ya Machi kutatokea mtu atakayetaka kupanga magunia ya mchanga juu ya kizingiti ili bwawa lishike maji zaidi. Nia yake ni njema na hatari yake ni kubwa. Gunia la sentimita 40 linakula theluthi mbili ya njia ya mafuriko. Andikeni katazo hilo kwenye kanuni za kamati, na chifu alitangaze mkutanoni.

Udongo

Chimbeni mashimo ya majaribio kila mita 25 kwenye mstari wa tuta, yenye kina cha mita 3, na mengine pale mtakapotoa udongo. Mwekeni mtoto mbali, mashimo haya yanaua. Katika kila shimo andikeni tabaka kwa tabaka: rangi, unene, kama kuna maji.

Jaribio la kwanza ni la mkono. Chukua udongo, uloweshe kama wa kufinyanga, ubinye kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Utepe wa sentimita 5 au zaidi kabla ya kukatika unaonyesha mfinyanzi wa kutosha. Ukikatika kwenye sentimita 2, ni mchanga zaidi.

La pili ni la chupa. Jaza theluthi moja udongo, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, uache siku nzima. Mchanga unalala chini, udongo laini katikati, mfinyanzi juu. Mnatafuta mfinyanzi wa asilimia 20 hadi 30. Ukizidi 40, tuta litapasuka kiangazi kama midomo ya mtu mwenye homa, na maji ya Novemba yataingia kwenye nyufa hizo.

La tatu watu wengi hawalijui, nalo ndilo linaloamua. Chukua bonge kavu, dogo kama punje ya mahindi, liweke taratibu ndani ya glasi ya maji safi ya mvua. Usiliguse. Kaa uliangalie dakika 10, kisha urudi baada ya saa moja. Likivunjika na kubaki rundo dogo na maji yakabaki angavu, ni salama. Likianza kuzungukwa na wingu jeupe kama maziwa, wingu likatambaa chini ya glasi na halitulii, huo ni udongo unaoyeyuka majini. Unaweza kushindiliwa vizuri sana, ukafaulu majaribio mengine yote, kisha ukachimbwa na uzi mwembamba wa maji mpaka ukawa handaki. Msiutumie.

Vichuguu vinahitaji maneno yake. Hapa Katanga vinafika mita 5 na zaidi, na udongo wake hutengenezewa matofali ya mji. Ukibomolewa, ukapondwa na kushindiliwa, ni udongo mzuri wa moyo wa tuta. Lakini kichuguu kilichoachwa chini ya tuta ni adui: njia za mchwa zinashuka mbali chini ya ardhi, na maji yatazifuata. Chimbueni kila kichuguu kilicho kwenye nafasi ya tuta hadi vyumba vyote viishe, fukieni kwa tabaka zilizoshindiliwa, na mkague kila mwaka kama mchwa hawajarudi ndani ya tuta.

Udongo mwingi utoeni ndani ya bwawa lenyewe, maana shimo lake linaongeza maji, lakini si karibu ya mguu wa tuta kuliko mita 12. Na mkifika kwenye changarawe simameni. Mmemaliza zulia linalozuia maji kuzama.

Tuta

Kina cha maji mita 4.5, jumlisha mita 1.5 kutoka kizingiti hadi juu, ni kimo cha mita 6. Upana wa juu: kimo gawanya kwa 5, jumlisha 3, hapa mita 4.2. Mteremko upande wa maji mita 3 kwa kila mita 1 ya kimo, upande mkavu 2.5 kwa 1. Kwa hiyo mguu wa tuta una upana wa mita 37. Watu hushangaa wakiona vigingi hivyo ardhini, na hapo ndipo hushawishika kuubana mteremko. Msiubane: upande wa maji ukiwa mkali, udongo uliolowa utateleza siku maji yanaposhuka haraka.

Ujazo: 0.216 mara kimo, mara urefu, mara jumla ya upana wa juu mara mbili na kimo mara jumla ya miteremko. Tuta likiwa na urefu wa mita 170 juu, ni 0.216 × 6 × 170 × (8.4 + 33), karibu metakibu 9,100. Kila metakibu 1 ya udongo inashika 6 za maji, uwiano mzuri. Chini ya 3 tafuteni mahali pengine. Udongo uliochimbuliwa unavimba, kwa hiyo hesabuni 11,800 za kubeba, ambazo ni safari 1,180 za kamio la metakibu 10.

Ondoeni kwanza udongo mweusi wa juu, sentimita 30, na mizizi yote, mkauweke kando kwa ajili ya nyasi. Kisha chimbeni mtaro wa msingi katikati, urefu wote wa tuta na kupanda kwenye mabavu ya bonde, upana mita 3, mpaka uingie nusu mita hadi mita 1 ndani ya mfinyanzi usiopitisha maji. Mtaro usipofika huko, kila kitu kilicho juu yake ni kazi bure. Ujazeni kwa udongo bora mlio nao.

Kushindilia ndiko kunakotenganisha tuta na rundo. Tandazeni tabaka la sentimita 15 hadi 20, si zaidi. Unyevu uwe hivi: finyanga bonge kwa kiganja, lishike umbo bila kuacha maji mkononi, liangushe kutoka usawa wa kiuno, lipasuke vipande vichache. Likisambaa kama unga, nyunyizeni maji. Likibamizika kama chapati, subirini likauke. Pitisheni roli lenye meno mara 6 hadi 8. Kamio lenye mzigo linashindilia pale tairi linapopita tu, kwa hiyo dereva abadilishe njia kila safari. Kabla ya tabaka linalofuata, kwaruzeni uso ili yashikane. Mkiruka hatua hiyo, mtajenga tuta la kurasa, na maji yatasoma kila ukurasa.

Udongo utashuka kidogo baada ya kazi. Ongezeni sentimita 40 katikati ya tuta ili likitulia lisiwe na bonde juu, kwa sababu bonde hilo ndipo mafuriko yatapita. Upande wa maji pangeni mawe ya sentimita 20 hadi 30 juu ya changarawe. Kwenye mguu wa upande mkavu wekeni mchanga, kokoto, kisha mawe, kwa mpangilio huo kuanzia ndani, ili maji yanayojipenyeza yatoke bila udongo. Mti wowote usiote juu ya tuta, hata wa kivuli. Ukifa, mizizi inaoza na kuacha bomba.

Bomba la kutolea maji

Kwa siku mnatoa metakibu 150 za bustani kwa saa 8, kama lita 5 kwa sekunde, kwa hiyo tiyo ya chuma ya inchi 6 inatosha. Plastiki nyembamba chini ya mita 6 za udongo hupasuka, na hakuna atakayeiona. Ilazeni ndani ya mtaro uliochimbwa kwenye ardhi ngumu ya asili, mkaifunge yote kwa betoni, maana chini ya duara la bomba hakuna mtu anayeweza kushindilia vizuri, na nafasi hiyo ya kidole kimoja ndipo mabwawa mengi huanzia kufa. Theluthi ya mwisho upande mkavu izungukeni kwa mchanga safi wa kuchuja. Mdomo wa ndani uwe mita 1 juu ya sakafu, na krepini (chujio la kuzuia takataka). Vane ya kufungia ikiwa upande wa maji ni bora. Ikiwa upande mkavu tu, bomba linakaa na shinikizo ndani ya tuta mwaka mzima.

Maji ya kunywa

Bwawa ni maji ya bustani na mifugo. Ya watu yapite kwanza kwenye kichujio cha mchanga kinachopita polepole: metakibu 16 kwa siku kwa mwendo wa sentimita 10 kwa saa zinahitaji meta za mraba 7. Jengeni viwili vya ukubwa huo, kimoja kikisafishwa kingine kifanye kazi. Mchanga uwe laini, unene wa mita 0.8 hadi 1. Kisha klorini. Kichujio kinaondoa tope na vijidudu vingi. Madini yaliyoyeyuka yanapita. Ndiyo maana kabla ya ujenzi pelekeni maji na tope la kijito maabara, Aprili na tena Oktoba. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani kwa lita moja ni miligramu 2 za shaba, 0.01 za risasi, 0.01 za arseniki, 0.003 za kadimi na 0.03 za urani.

Ng'ombe wanywee kwenye birika chini ya tuta, na bwawa liwe na uzio wa miti. Kina kifupi chenye majani kandokando huleta konokono wa kichocho na mbu, kwa hiyo kata majani na usiwaruhusu watoto kuoga humo.

Karatasi na watu

Sheria namba 15/026 ya 31 Desemba 2015 ndiyo inayosimamia maji nchini Kongo (DRC), na namba 11/009 ya 9 Julai 2011 ndiyo ya mazingira, inayodai uchunguzi wa athari kabla ya kazi zinazoweza kuharibu. Ulizeni huduma za mkoa ruhusa zipi zinawahusu, na mshike nakala zenye muhuri. Kadasta ya madini, ofisi inayoandikisha vibali vya uchimbaji, nayo isisahauliwe. Karé moja, kipande cha ardhi kinachopimia vibali hivyo, ni karibu hekta 85, na bonde lenu zuri linaweza kuwa tayari ndani ya kibali cha mtu.

Kisha nendeni kwa walio chini ya tuta, hata kama ni wa chifu mwingine. Kijito chao kisikauke: toeni kiasi cha maji kila siku kipite. Waambieni pia wapi pa kukimbilia, na nani atapiga ngoma au simu.

Kalenda

Machi na Aprili pimeni na mchimbe mashimo, chemchemi zikiwa bado zinaonekana. Kazi ya udongo ianze Mei, njia ya mafuriko ikichimbwa kwanza, kwa kuwa udongo wake unaingia kwenye tuta. Katikati ya Agosti simameni mhesabu. Kama nusu ya kimo haijafika, malizeni tuta kwa kimo hicho kifupi, likatieni njia ya mafuriko ya muda yenye upana uleule, na mwendelee mwaka ujao. Tuta lililoachwa wazi bila njia likikutana na mvua za Novemba halitabaki. Miti na vichaka ndani ya bwawa viondolewe kabla ya Oktoba, vinginevyo vitaoza na kuyapa maji harufu. Nyasi zipandwe mvua ya kwanza ikinyesha.

Mwaka wa kwanza

Jazeni polepole kadiri mwezavyo, vane ikiwa wazi mwanzoni. Mtu mmoja atembee mguu wa upande mkavu kila asubuhi, na mara mbili siku za mvua kubwa. Akikuta maji yanatoka, achukue glasi, ayachote, aiinue kwenye mwanga. Maji angavu yaandikwe tu: tarehe, mahali, yanajaza ndoo kwa sekunde ngapi. Maji yenye rangi ya chai ya maziwa yanabeba tuta kidogokidogo nje. Hapo fungueni vane yote, waambieni walio chini waondoke, na mfunike mahali yanapotokea kwa mchanga mzito, juu yake kokoto, juu yake mawe. Msizibe kwa mfinyanzi: maji yatajitafutia tundu lingine pembeni, na safari hii hamtaliona. Bwawa lishushwe hadi chini ya usawa wa mvujo, mhandisi aje, na mtu asirudi kulala chini ya tuta mpaka glasi iwe angavu siku kadhaa mfululizo.